Stationary au stationery? Jinsi ya kuandika bango la duka lako bila kukosea

Mi nina duka dogo la vifaa vya shule na ofisi hapa Tabora mjini, nauza madaftari, peni, rimu za karatasi, bahasha, natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, yani ile kazi ambayo wote tunaiita steshenari. Kwa miaka minne bango langu lilikuwa limeandikwa STATIONARY, herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe, kubwa kabisa, hata ukiwa upande wa pili wa barabara unalisoma vizuri tu.

Sasa kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, alikuwa mteja wangu wa kopi za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Siku moja akafika, nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, lakini hakuingia, akabaki pale nje anaangalia juu. Afu akaniambia, "Mwanangu, hili bango linasema duka limesimama. Halisemi unauza nini." Nikamuuliza limesimama kivipi mwalimu? Akaingia, akachukua peni pale kaunta, akaandika maneno mawili nyuma ya kopi iliyoharibika, moja juu jingine chini, akazungushia duara herufi moja tu kwenye kila neno. Juu A, chini E. Hiyo karatasi nimeibandika ukutani karibu na mashine ya kopi na ipo mpaka leo.

Naandika huu mwongozo kwasababu tangu siku ile naliona hilo kosa kila ninapopita, Isevya, Cheyo, Kanyenye, mpaka kule soko kuu, na wala sio Tabora peke yake, nikienda Kigoma kumsalimia shangazi nalikuta palepale Mwanga. Linaniuma, na sababu ya kuniuma nitaisema huko mbele. Kama unafungua duka, kama unachora mabango, kama ni mwanafunzi au uko pale chuo cha Uhazili unasomea kazi za ofisi, soma taratibu hatua kwa hatua, ukimaliza hutakosea tena.

Hatua ya kwanza: sikio liweke pembeni

Kiswahili kimetuzoesha vizuri, unasikia unaandika, hamna herufi inayojificha. Kwahiyo tukikutana na neno la Kiingereza tunafanya hivyohivyo, tunalisikiliza, ste-she-na-ri, tunasikia "na", tunaandika na, basi linatoka stationary. Akili imefanya kazi yake kama ilivyozoea, shida iko kwenye haya maneno yenyewe maana yanatamkwa sawasawa kabisa. Mwingereza wa London ukimwambia ayatamke yote mawili na wewe umefumba macho hutajua lipi ni lipi, ile irabu kabla ya R anaimeza, linatoka kama "steishnri". Wamarekani wao wanaitoa waziwazi zaidi ila nao wanaitoa vilevile kwenye maneno yote mawili. Kwahiyo hata ukae na Mzungu mwaka mzima unamsikiliza, sikio halitakusaidia chochote hapa.

Haya maneno yanashikwa kwa jicho. Chukua karatasi uyaandike, moja juu jingine chini kama mwalimu alivyonifanyia. Kila moja lina herufi 10, herufi 9 zinafanana, inayotofautiana ni ya 8, yani ya tatu ukihesabu kutoka nyuma. Ile A ya mwanzo kwenye STA iko kwa wote wawili, hiyo usiiangalie, watu wengi wanajichanganya hapo wanasema "si lina A?", ndio lina A, yote yana A, tunayoitafuta sisi ni ile inayokaa mbele ya RY. Kuanzia hapa nitayaita ya A na ya E ili tusichoshane.

Hatua ya pili: jua kila moja linabeba nini

Ya A, stationary, ni neno la kusifia kitu, na kitu chenyewe ni kile kilichosimama, hakisogei au hakibadiliki. Njoo stesheni yetu treni ya kutoka Dar ikishafika utaliona hilo neno kwa macho. Hapa ndo njia zinapoachana, moja inaenda Kigoma nyingine inapanda Mwanza, kwahiyo mabehewa yanatenganishwa na treni inakaa, watu wanashuka kunyoosha miguu, mwingine anatafuta chai, mwingine anamlalia mwenzie begani hajui hata amefika wapi. Injini inaenda mbele inarudi nyuma, inachukua mabehewa haya inaacha yale. Behewa ulilokaa wewe, wakati limeachwa pale kwenye reli linasubiri, hilo ni stationary. Ile injini inayohangaika huku na huku, hapana, hiyo inatembea.

Utalikuta sehemu nyingi zaidi ya unavyodhani. Mwanafunzi wa fizikia kidato cha tano atakuambia kuna stationary wave, wimbi linalotikisika palepale bila kusafiri kwenda popote, kama waya wa gitaa ukiupiga wakati ncha zake zote mbili zimefungwa. Wa hesabu anajua stationary point, mfano pale kileleni ambapo mchoro umeacha kupanda na bado haujaanza kushuka. Baiskeli ya gym unayokanyaga mpaka jasho linakutoka na bado uko chumba kilekile ni stationary bike. Injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, ile iliyofungwa kwa bolti kwenye zege, ni stationary engine. Na ukijaza fomu ya bima ya gari kwa Kiingereza, gari lililokuwa limepaki likagongwa linaitwa stationary vehicle, na pale neno moja tu linaweza kuonyesha nani alikuwa anatembea na nani alikuwa amesimama, sasa liandike kwa E uone maelezo yako yanavyogeuka kuwa gari la karatasi na bahasha.

Ya E, stationery, ni jina la bidhaa. Karatasi, bahasha, peni, penseli, rula, faili, gundi, manila, stepla na pini zake, kauntabuku za kwaya mbili na kwaya tatu. Kila kitu kilichopo kwenye shelfu zangu pale nyuma ya kaunta ni stationery.

Hapo hapo kuna kitu kidogo ambacho hata mimi nilichelewa kukijua. Sisi kwa Kiswahili steshenari ni duka, tunasema nenda steshenari ukaprinti. Kwa Kiingereza stationery ni vitu vinavyouzwa, duka lenyewe ni stationery shop, na muuzaji anaitwa stationer. Kwahiyo ukiandika kwenye insha "I went to the stationery" umepatia herufi lakini sentensi bado inachechemea, ongeza shop. Kwenye bango hamna shida, jina la duka likifuatiwa na STATIONERY linaeleweka, unatangaza bidhaa zako.

Na lingine la haraka, hizo bidhaa hazihesabiwi moja moja kwa Kiingereza, ni kama maji au unga. Hamna stationeries. Ukitaka wingi andika stationery items, au acha hivyohivyo stationery, rimu moja ni stationery na kontena zima ni stationery.

Hatua ya tatu: funga fundo la Kiswahili

Waingereza wanafundishana kwamba E ni ya envelope, yani bahasha, kwasababu bahasha ni kitu cha dukani. Nzuri, ila kwa mtu ambaye hata envelope yenyewe anaiandika kwa wasiwasi haimsaidii sana. Mi nimejitengenezea la kwangu na nimewafundisha watoto wengi wanaokuja dukani, na wanalishika mara moja:

E ni ya elimu. Madaftari, peni, rula, vyote vya elimu, basi ni stationEry.

A ni ya amesimama. StationAry, amesimama.

Mwambie mtoto aliseme mara tatu akiwa anaangalia neno lililoandikwa, jicho lifanye kazi pamoja na mdomo. Akilisema bila kuangalia atakumbuka wimbo lakini hajui herufi inakaa wapi.

Hatua ya nne: toa Y uone kama kuna mtu

Hii naipenda kuliko zote kwasababu inakupa njia ya kuhakiki mwenyewe hata ukisahau ile ya elimu. Kuna maneno ya biashara kwenye Kiingereza yanatokana na mtu anayeifanya ile kazi. Baker ni mwoka mikate, weka Y unapata bakery. Grocer ni muuza vyakula vya dukani, weka Y unapata grocery, hata kama huku kwetu grosari imekuwa sehemu ya kunywa bia. Stationer ni muuza karatasi na peni, weka Y, stationery. Bekari, grosari, steshenari, zote tatu tunazimalizia kwa "ari" mdomoni lakini kwa Kiingereza zote tatu ni ERY.

Kwahiyo ukiwa na wasiwasi, andika neno, afu ficha Y kwa kidole. Likibaki jina la mtu mwenye kazi, linaishia na ER kama teacher, driver, farmer, basi uko dukani, ni ya E. Ukifunika Y ya stationary inabaki "stationar", mtu huyo hayupo.

Ila usije ukageuza hii kuwa sheria ya kila duka na kila jengo. Dispensary inaishia ARY na ni mahali, library vilevile. Ila ukizijaribu kwa kidole utaona, dispensar hayupo, librar hayupo, kwahiyo kipimo bado kinakuambia ukweli. Cha kushika ni hicho cha kutafuta mtu mwenye kazi, usiangalie kama ni jengo au sio jengo.

Kwanini yanafanana hivi

Hapa sio hatua, unaweza kuruka, ila mi nilipoelewa hiki kitu ndo maneno yalikaa kichwani moja kwa moja, na pia nikaanza kuiheshimu kazi yangu zaidi ya nilivyokuwa naiheshimu.

Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kilatini wenye maana ya kusimama. Kutoka hapo likaja neno la mahali pa kusimama, ambalo ndo station, ambalo sisi tumelifanya stesheni. Kwahiyo stesheni, stationary na steshenari ni ndugu wa tumbo moja. Reli ilipofika hapa Tabora mwaka 1912, ikaenda kugusa ziwa Tanganyika pale Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likamalizika 1928, hilo jina la mahali pa kusimama likabaki kwetu na tunalitumia kila siku bila kufikiria.

Sasa zamani huko Ulaya wauzaji wengi walikuwa wa kutembeza, kama machinga, leo yuko kijiji hiki kesho kile. Ila wauza vitabu na karatasi wa kwenye miji yenye vyuo vikuu walikuwa na sehemu yao ya kudumu, wamekaa hapohapo, mwanafunzi anajua akija atawakuta. Kwa Kilatini cha wakati ule mtu wa hivyo aliitwa stationarius, mwenye kituo, aliyesimama sehemu moja. Kiingereza kikamchukua akawa stationer, afu bidhaa zake, miaka mingi baadaye, zikaitwa stationery. Unaona? Neno la duka lilizaliwa kutoka kwenye neno la kusimama. Ndo maana yule mwalimu aliposoma bango langu kama duka lililosimama, alikuwa ameligusa shina lenyewe.

Na kazi yao ilikuwa nini? Kopi! Karne ya 13, Paris na Bologna, kabla ya mashine ya kuchapa vitabu, kitabu kilikuwa kinaandikwa kwa mkono na bei yake mwanafunzi haiwezi. Kwahiyo yule mwenye kituo alikuwa na nakala iliyokaguliwa na chuo, ameigawa vipande vipande, mwanafunzi anakodi kipande, anaenda kukinakili mwenyewe au anamlipa mtu amnakilie, akimaliza anakirudisha anachukua kinachofuata. Bei ya kukodi ilipangwa na chuo ili watu wasiumizwe. Mi nikifikiria wanafunzi wa vyuo vya hapa wanavyokuja na hendauti moja, wako kumi, kila mtu anataka kopi yake kabla ya mtihani wa kesho, naona ni kazi ileile, imebadilika mashine tu.

Wenzetu wa London walianzisha chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapewa hati ya kifalme ya kusimamia uchapaji wa vitabu. Wanaitwa Stationers mpaka leo, kwa E. Na serikali ya Uingereza ilianzisha ofisi yake ya karatasi na uchapaji mwaka 1786, iliitwa Stationery Office, kwa E. Kwahiyo mtu akikubishia kwamba haya mambo hayana sheria, kila mtu anaandika anavyojua, hiyo E ina miaka mingi sana kazini.

Hatua ya tano: kabla brashi haijagusa bango

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usimpe mchora mabango maelezo kwa mdomo. Usimpigie simu ukamwambia niandikie steshenari, atakuandikia alivyozoea, na alichozoea ni ya A kwasababu ndo anayoiona kila siku. Andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, STATIONERY, E ipigie mstari chini, mpe mkononi. Ukituma kwa WhatsApp andika neno lenyewe, usitume sauti.

Kama ni bango la kuprinti, lile la fleksi, mwambie akutumie kwanza picha ya muundo kabla hajaliprinti, na ukilipata usiangalie rangi na maua, soma herufi moja moja kutoka nyuma kwenda mbele: Y, R, E. Ukisoma kawaida kutoka mbele akili inaruka, inaona ulichotaka kuona. Ukisoma kutoka nyuma kosa halijifichi. Na kama ni la kuchora kwa mkono, mwambie achore kwanza mistari ya penseli au chaki, uje uione, ndo afungue kopo la rangi.

Jiandae kubishana kidogo. Mi kijana wangu wa brashi aliniambia, "Dada, ukiweka E watu watasema tumekosea, mji mzima wanaweka A." Nikamwambia mdogo wangu, wewe weka, atakayeuliza nitamjibu mimi. Na kweli waliuliza, na kila aliyeuliza nilimwonyesha ile karatasi ya mwalimu ukutani.

Hatua ya sita: karatasi zote ziseme neno moja

Hii inagusa hela, kwahiyo isome vizuri. Jina la biashara unalosajili BRELA, yani kwa msajili wa biashara, ndo litakalokaa kwenye cheti, na hilohilo ndo utaenda nalo TRA kwa watu wa kodi, ndo litakuwa kwenye leseni, kwenye akaunti ya benki, kwenye risiti zako. Ukikosea herufi pale mwanzo unaibeba kila mahali, na kubadilisha ni mchakato mwingine wa kujaza na kulipia. Kabla hujabonyeza kutuma, soma ile sehemu ya jina kutoka nyuma, Y, R, E, kama nilivyosema kwenye bango.

Mi kwenye cheti na benki nilipatia, maana aliyenijazia alikuwa anajua. Muhuri ndo nilienda kuchongesha mwenyewe, nikamwandikia fundi neno kama lilivyo kwenye bango langu, yani ya A. Nikatumia ule muhuri mwaka na zaidi bila neno. Afu nikapata oda ya ofisi moja, rimu 40 na tona mbili, nikapeleka mzigo, nikapeleka na invoisi imegongwa muhuri, mhasibu akairudisha. Jina kwenye muhuri na jina la akaunti haviendani, akasema akilipa hivyo mkaguzi atamuuliza. Nikachonga muhuri mpya, nikaandika invoisi upya, hela iliingia wiki tatu baadaye, na huku mi nilikopa kununua ule mzigo. Herufi moja.

Kwahiyo leo hii toa vitu vyako vyote uvipange mezani: cheti, leseni, muhuri, kitabu cha risiti, bango lipige picha uliweke pembeni. Vyote viwe na E. Kama cheti chako tayari kina A, basi mpaka utakapokibadilisha karatasi zako za malipo zifuate cheti kilivyo, usichanganye, maana benki haiangalii Kiingereza sahihi, inaangalia kama majina yanafanana.

Hatua ya saba: kompyuta usiitegemee

Ukiandika neno ambalo halipo, ile programu inakuwekea mstari mwekundu chini. Ila stationary na stationery yote mawili yapo kwenye kamusi, kwahiyo ukikosea hamna mstari mwekundu, inakuacha uende. Simu ni mbaya zaidi kwasababu inajifunza kutoka kwako, ukiandika ya A mara kumi kesho yake inakuletea ya A yenyewe kabla hujamaliza neno. Dawa ni kuifundisha upya, kila ikileta ya A ifute uandike ya E mpaka izoee. Na kwenye kompyuta ya dukani, kama una barua au bei zako zimehifadhiwa, tumia ile sehemu ya kutafuta neno, andika stationary, pitia moja moja ubadilishe. Usibadilishe zote kwa mkupuo kama kazi ni ya mteja, anaweza kuwa ni mwanafunzi wa fizikia na ripoti yake ya mawimbi ukaijaza bahasha.

Hatua ya nane: kama bango limeshakosewa

Usiling'oe. Kinachobadilika ni herufi moja. Langu lilinigharimu shilingi 15,000 na siku mbili, na siku ya pili ilitokana na haraka yetu wenyewe. Kijana alifuta A kwa rangi nyeupe mara moja tu, akasubiri kidogo, akachora E juu yake. Jioni ilionekana safi. Kesho yake mchana jua limepanda, ile A ya zamani ikatokeza chini ya nyeupe kama kovu la pinki, ukiangalia unaona herufi mbili zimepandana. Ikabidi aanze upya. Akasugua kwa msasa mpaka wekundu ukaisha na mbao ikaanza kuonekana, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, akapaka nyeupe, tukaiacha ilale usiku mzima kwasababu ni rangi ya mafuta, asubuhi akapaka nyeupe ya pili, mchana ndo akachora E. Kwahiyo msasa kwanza, nyeupe mara mbili, usiku mmoja katikati. Kama ni fleksi chukua stika ya rangi ileile ya herufi, ikatwe E, ubandikie juu ya kipande cha rangi ya nyuma, inakaa miezi mingi mpaka utakapoprinti jipya.

Na hapa ndo niseme ile sababu ya kuniuma. Wakati kijana yuko juu ya ngazi anasugua, alikuja binti wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, akasimama anaangalia. Akaniuliza kwanini nafuta. Nikamweleza. Akakaa kimya, afu akatoa daftari la Kiingereza kwenye begi akanionyesha, aliandika insha ya safari yake ya kwenda kununua vifaa, neno stationary limekatwa kwa wino mwekundu mara tatu. Akasema, "Dada, mi niliandika kama ulivyoandika wewe." Anapita mbele ya duka langu asubuhi na jioni tangu yuko darasa la nne. Mtoto hana kamusi nyumbani, kamusi yake ni mabango. Kwahiyo ukiwa na duka la kuuza madaftari, lile neno lako la juu ya mlango linafundisha, utake usitake.

Jaribio

Andika majibu kwenye karatasi kabla hujasoma chini. Weka A au E:

The bus was station_ry when the motorcycle hit it.
We need more station_ry for the examination room.
His weight has been station_ry for three months.
She is looking for a station_ry shop near the market.
Put the files in the station_ry cupboard.

La kwanza A, basi lilikuwa limesimama. La pili E, ni karatasi na peni za chumba cha mtihani. La tatu linawachanganya wengi, ni A, hamna gari wala treni lakini uzito haujasogea, uko palepale. La nne E, anatafuta duka. La tano ni kabati la ofisini la kuwekea karatasi na peni, kwahiyo E, na hili ndo gumu kwasababu ukiandika A sentensi bado inasimama, inakuwa ni kabati lisilosogea, na hata mwenye kuhakiki anaweza kupitiwa. Kama uliweka A hapo, ficha Y kwa kidole uangalie kama stationer yupo.